Bendera ya Jiweni

"Nimeikuta tena kule kwenye wavu."

"Mimi sijaigusa."

"Basi imeota miguu, imetembea yenyewe."

"Kijana, nina hoteli nzima ya kuendesha. Ukitaka kujua nani anahamisha bendera yako, kamuulize shemeji yako."

Meneja akapuliza chai yake na kuangalia pembeni. Filimbi alibaki amesimama mlangoni, bendera nyekundu begani, mchanga unamwagika kwenye zulia la ofisi. Jina la Filimbi alipewa na ufuo mzima. Mgeni akisogelea jiwe jeusi, filimbi. Mtoto akikimbiza mpira, filimbi. Wengine walishalalamika kwamba wamekuja kupumzika, siyo kuongozwa kama magari.

Jiwe lenyewe lilikuwa mbele ya hoteli, karibu na miavuli. Hapo ndipo mkondo ulipomchukua kaka yake, mchana kweupe, watu wanakunywa soda. Kaka alikuwa mwokoaji, mwogeleaji wa kweli, lakini maji yalimvuta nje kama mtu anavyovuta shuka kitandani. Tangu mazishi, Filimbi alirithi fulana yake ya kazi, na kila asubuhi aliichomeka bendera palepale, jiweni, ili asife mwingine.

Na siku hizi kila asubuhi aliikuta imehamia kule mbali, kwenye wavu wa voliboli, ambako hakuna hoteli wala mwavuli.

Filimbi aliiacha shule mapema, lakini njama hii haikuhitaji cheti. Hoteli gani inataka kitambaa chekundu mbele ya baa yake?

Kilichomchoma ni shemeji. Mke wa marehemu, mwenye zamu ya jioni. Mwanamke aliyelia mpaka sauti ikakauka, leo anakunywa chai ofisini na meneja. Huyo huyo meneja ndiye aliyempeleka kozi ya uokoaji, na aliporudi tu, bendera ikaanza kuhama. Kozi nzima, na alichorudi nacho ni kukaa mchangani anamenya machungwa na kutupa maganda baharini kama mtoto.

Filimbi akashuka ufuoni, akaikita bendera jiweni mpaka mti wake ukapinda. Tangu dhoruba iliyopiga baada ya mazishi, mchanga ulikuwa umejaa mbele ya hoteli hadi ngazi za baa zikazikwa. Kule wavuni mchanga umekwisha, nguzo zimebaki zinaonesha zege la chini, na wacheza mpira wamehama.

Wakaja wawili, mtu na mkewe, ndoa bado mbichi, kofia zao za majani zinafanana.

"Kaka, tuogelee hapa?"

"Hapa panaua. Nendeni kule kwenye wavu. Huku mawimbi yanapigana, kule maji yametulia kama ya beseni."

"Kweli yametulia," bibie akasema, anachungulia.

"Na maji yakikuvuta, popote pale, usishindane nayo kurudi nchi kavu. Utachoka. Ogelea kwenda pembeni, kufuata ufuo, mpaka yakuachie. Ukishindwa, elea tu, nyoosha mkono juu."

"Si umesema kule salama?"

"Ni salama. Nawaambia wote."

Ni kweli aliwaambia wote. Wiki hizi alishawatoa wageni kadhaa kule wavuni wakikohoa maji, akawafokea kuhusu bia.

Shemeji akaja kuanza zamu, akakuta bendera jiweni, akashika kiuno.

"Shem, umeirudisha."

"Na kesho nitairudisha. Wamekupa nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Kaka yangu yuko kaburini, wewe unasafisha uwanja watu wauze bia."

 Shemeji akatoa maganda ya chungwa mfukoni, akayatupa majini, palepale kando ya jiwe. Wimbi likayabeba, likayarudisha, likayalaza juu ya kidole gumba cha Filimbi. Shemeji akayaokota, akayatupa tena. Yakarudi tena.

"Umeona?"

"Naona takataka. Kama hiyo ndiyo kozi, bora ungebaki nyumbani."

"Jana nilitaka kukuonesha, ukanipulizia filimbi sikioni. Juzi vilevile. Nikuambieje wewe mtu? Nikuandikie mchangani?"

"Niambie kwa nini unahamisha bendera ya mume wako."

 Shemeji alikuwa ameacha kumwangalia. Alikuwa anaangalia nyuma ya bega lake, kule mbali.

"Shem. Wale umewapeleka wewe?"

"Nimewapeleka wavuni, ndiyo. Wangeingia hapa wakafa?"

Shemeji akanyakua boya na kukimbia.

Filimbi akageuka. Kushoto mawimbi yalikuwa yanavunjika meupe, kulia vilevile. Katikati, mbele ya nguzo za wavu, palikuwa na njia ya maji meusi, laini, hayana hata povu. Mwishoni mwa njia hiyo, kofia mbili, ndogo kama vifuniko vya chupa.

Alipofika wavuni, shemeji alishavuka mawimbi. Naye akajitosa. Wale wawili hawakuwa wanashindana na maji. Walikuwa wanajikokota kwenda pembeni, kufuata ufuo, mkono wa bibie uko juu. Shemeji akampa boya bibie, Filimbi akamkamata mume kwapani. Wakatoka wote wanne, wakaanguka mchangani.

Mume alitapika maji, akapumua, akatapika tena. Halafu akamwangalia Filimbi.

"Tulifanya yote uliyosema, kaka," akasema. "Yote."

Kofia zao hazikurudi. Zilikuwa zinaenda pamoja, polepole, juu ya yale maji yaliyotulia, moja kwa moja kuelekea bahari kuu. Filimbi alizifuata kwa macho, filimbi iko mdomoni, pumzi ya kuipuliza hana.

Shemeji alikamua maji kwenye fulana yake, akageuka, akaenda zake jiweni kuichukua bendera.