Mninga wa Nyamizi

Tangu vyama vya mazingira vya nchi zote jirani viungane kuwa Muungano unaogawa umeme na maji, jiko la umeme huwaka tu kwenye nyumba ambayo mti wake uko hai. Mninga wa Nyamizi ulikuwa unakauka, na mama mkwe wake, mgonjwa wa kifua, hakuweza kumeza chakula chochote ila uji wa moto.

"Umwagilie," bibi huyo alisema, akimsogezea mgao wake wa maji ya kunywa. "Mimi sina kiu."

"Mama, hata jana ulisema hivyo."

"Basi kiu yangu ina adabu kuliko wewe. Nikiikanya, inasikia."

Nyamizi alicheka, akaenda kuyamwaga shinani.

Asubuhi mninga ulichipua, jiko likawaka. Wakaguzi wa Muungano walipita, wakaupigia makofi. Nyamizi aliukoroga uji kwa furaha, akaupeleka chumbani. Midomo ya bibi ilikuwa mikavu kama magome, na haikufunguka tena.

Majirani walipomaliza kumwosha, walichimba shimo la kumwagia maji ya maiti, kama ilivyo desturi. Nyamizi akawazuia.

"Nipeni mimi," alinong'ona.

Walitazamana. Kisha mmoja wao akamsaidia kubeba ndoo hadi kwenye mninga.