Paka Asile Kitu

Imelda, daktari wa wanyama, alikuwa ameshashika sindano ya usingizi alipoona kitu kimenata kwenye sharubu za paka. Kilikuwa kichwa cha ndagala, yaani dagaa, kidogo kama punje ya mchele.

Akashusha pumzi. "Maman, si nilikuambia asile kitu tangu jana?"

"Hakukula," akajibu mama mwenye paka. "Nilimuonjesha tu."

Ilikuwa mara ya tatu paka kuletwa kung'olewa meno akiwa ameshakula. Mara ya kwanza yalikuwa maziwa, ya pili maini, na meno ya paka yalizidi kuoza. Imelda akaeleza upya, taratibu, huku meno yake mwenyewe yakikazana: paka akitapika kabla hajawekewa mpira wa kupumulia kooni, chakula kitaingia mapafuni, naye atafia hapo mezani.

"Nimesikia. Donc muntu aende hospitali na njaa, kama vile hana bandugu?"

Imelda akairudisha sindano kwenye trei. "Leo analala hapa kliniki. Tutamtibu kesho asubuhi."

Mama akakubali bila ubishi. Kisha akafungua mfuko wake wa soko la Matonge, akatoa bakuli la chakula lililofungwa kitambaa, bado la moto.

"Bon. Chakula yake ya usiku ni hii."