Fainali ya Ngedere

Mungu aliwajalia Ngedere, Kanga na Bibi Kobe nyumba moja, na intaneti moja ya kugawana. Jioni hiyo Ngedere alikuwa akicheza kwa simu yake fainali ya mpira wa mtandaoni na Nguchiro wa ng'ambo ya mto, na ubingwa aliutaka kuliko chakula. Lakini kila alipokaribia kufunga, mchezo ulikwama, na ulipozinduka Nguchiro alikuwa ameshafunga.

"Kanga, zima tamthilia yako!"

Kanga akazima huku akinung'unika. Mchezo ukakwama tena.

Ngedere akamgeukia Bibi Kobe, mjane aliyekaa na tasbihi yake. "Basi ni wewe, bibi. Ulipo wewe, hakuna kinachokwenda mbio."

"Simu yangu ni kitochi, haijui intaneti, mjukuu wangu. Tangu babu yako atutoke, inapokea pole tu."

Filimbi ya mwisho ikalia. Nguchiro bingwa.

Bibi Kobe akanyoosha shingo polepole. "Na ile simu yako nyingine, uliyoiegemeza ukutani ikikutazama?"

"Hiyo inarusha mechi yangu mubashara, msitu mzima unione."

"Kumbe ndiyo iliyoimaliza intaneti yetu. Basi usihuzunike, mjukuu wangu. Wamekuona."