Kokoto za Msaliti

"Mgeni mmoja kagoma kushuka kwenye basi," alisema Betsan wa tiketi. "Walioshuka ni kumi na wawili, wa Ajentina. Usiwachoshe, mzee Gwilym, chai yao itapoa."

"Nimchoshe nani mimi?" Gwilym akajibu, akawapandisha wageni kilimani hadi kwenye magofu ya ngome.

Aliwaonyesha kisima na jiko kwa Kiingereza, nao wakinong'onezana kwa Kihispania. Mwisho akawafikisha kwenye lango dogo la nyuma, penye lundo la kokoto.

"Hapa Cadwal wa Pant-du aliwafungulia adui, karne saba zilizopita. Kila mgeni humtupia msaliti kokoto. Karibuni."

Hakuna aliyeinama kuokota. Labda wanaogopa kuchafua mikono, Gwilym akawaza.

Huyo Cadwal hakuwahi kuzaliwa. Miaka arobaini nyuma, siku ya kwanza ya kazi, wageni walikuwa wakipiga miayo mvuani. Gwilym akachungulia tundu la mishale, akaliona shamba la Pant-du bondeni, akabuni msaliti na kumbandika jina hilo. Wageni wakachangamka. Kijiji nacho kikaamini. Watoto wakawa wanamfungia Ithel, mtoto wa shamba la Pant-du, geti la shule wakiimba, "Msaliti haingii!" Ithel alipoota ndevu akahama, hakuandika hata barua, na mama yake akafa akiangalia njia. Gwilym alikwenda kumzika, akashindwa kumtazama mtu machoni.

Dhamiri ilimtafuna. Dawa aliyojitafutia ilikuwa ya mwoga: kila akipata wageni wa mbali, humaliza ziara kwa kuungama kwa Kiwelisi, lugha ya kijijini kwake wasiyoijua. Wao hudhani ni sala ya kale, wakampigia makofi.

Akavua kofia.

"Nilisema uongo," akaanza, kwa Kiwelisi. "Watu wa Pant-du hawakumsaliti mtu. Ni mimi niliyemfukuza mtoto wa watu kwao, na kuwaambia wanakijiji wenzangu ukweli siwezi. Naona aibu."

Leo hapakuwa na makofi. Mama mmoja mwenye kofia pana alikuwa akifuta machozi.

"Basi shuka ukamwambie mwenyewe, mzee wangu," akasema, kwa Kiwelisi cha bonde lilelile. "Mwalimu aliyetufundisha lugha hii ndiye aliyebaki kwenye basi. Anasema watu wa kwao hawaruhusiwi kupita langoni."