Cheti Changu Kinasomwa na Mama

Siku hizi hati zote hukaa Hifadhi Kuu ya mtandaoni, na kila hati hufunguliwa na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Cheti changu cha kuzaliwa amekifungua mama. Huu ni mwezi wa tatu hajakifunga.

"Nakisoma," huniambia nikimwomba akifunge.

"Mama, kina mistari tisa."

"Basi nasoma polepole, Atupele. Una haraka gani?"

Haraka yangu anaijua. Kazi niliyopata Windhoek inakisubiri cheti hicho, na mwisho ni leo saa kumi. Kwa kaka zangu wawili mama alichelewa, wakaenda nchi za mbali na hawajarudi. Kwangu amewahi. Kila nikijaribu kukifungua, simu yangu huandika: Kinasomwa na Tusekile Mwakalinga. Tafadhali subiri.

Leo baada ya chakula amesinzia kwenye kochi, kishikwambi kifuani, chaji ikiwa asilimia nne. Kishikwambi kikizimika, cheti kitarudi Hifadhi na mimi nitakifungua papo hapo. Nimekaa mkekani karibu na miguu yake, simu mkononi, nikiangalia. Tatu. Mbili. Ni saa tisa na nusu.

Mama amefumbua jicho moja.

"Mwanangu, hebu nichomekee chaji."

Sijawahi kumkatalia mama jambo dogo kama hilo. Hata sijui mtu huanzaje. Nimeinuka, nimechukua waya, nimechomeka.

"Ahsante," amesema, akalifumba tena jicho. "Mungu naye akujalie mtoto kama wewe."