Tundu la Waya

Muuzaji aliziweka simu mbili juu ya meza ya kioo, zikafanana kama watoto wa tumbo moja.

"Hii ni ya mwaka jana, na huyu ni mdogo wake, wa mwaka huu. Betri haijui kuisha, kamera tatu. Na bei wamepishana kidogo tu."

Bi Siwema aliichukua ile mpya, akaigeuza huku na huku. "Tundu la waya wa masikioni liko wapi?"

"Hilo limepitwa na wakati, mama. Siku hizi kila mtu na kidude chake sikioni. Wewe jikoni, mzee barazani, na wote mnasikia."

Bi Siwema alimtazama mumewe, Mzee Mbwana, aliyesimama mlangoni amewapa mgongo. Tangu mzee auze shamba bila kumwambia mkewe, mwezi wa tatu huu, walikuwa hawasemezani. Lakini kila saa saba mchana, taarifa ya habari ilipoanza, waliketi benchi moja, kipande kimoja sikioni mwake, cha pili sikioni mwa mumewe. Waya ulikuwa mfupi, basi bega liligusa bega. Mpaka juzi, simu ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji.

"Nipe hii ya mwaka jana."

"Utajuta, mama!"

Alilipa. Alipogeuka, Mzee Mbwana alikuwa ameshautoa ule waya kwenye mfuko wa shati, anaufungua mafundo, moja baada ya jingine.