Kanda ya Mposaji

Barua ya posa ililetwa pamoja na kanda ya muziki wa roki, albamu nzima aliyoiimba mposaji mwenyewe. Shekue, fundi cherehani, akasema hawezi kumkataa kijana wa watu bila kumsikiliza. Akaitia kanda redioni.

"Huyu haimbi," alimwambia mkewe, Mwanahawa. "Huyu ni mbuzi aliyefungwa kamba fupi."

"Basi toa jibu. Binti yako hata kula hali."

"Posa haijibiwi kwa pupa, mama."

Siku ya pili akairudia, atafute sababu za kukataa. Magitaa, alikiri, hayakuwa na neno. Tatizo ni ile sauti. Siku ya tatu akairudia ili asije akamdhulumu mtu. Siku ya nne hakutoa sababu.

Siku ya tano Mwanahawa alichoka, akaizima redio katikati ya wimbo. Mguu wa Shekue haukusita kwenye cherehani. Macho kwenye pindo la kanzu, mishipa ya shingo imemsimama, akaumalizia ubeti kwa sauti ileile.

Mwanahawa akaitoa barua kabatini, akaiweka juu ya kanzu, mbele ya sindano.

Uani, mbuzi wao akaitikia.